Mlango wa Sponji

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye haraka aende zake, maana mimi nikisimulia sikimbii. Nchi ninayoisema inaitwa Usijali. Msiitafute kwenye ramani. Haifanani na nchi yenu hata kidogo, na mkiona imefanana, ni macho yenu tu, kaoneni daktari.

Usijali inawapenda wazee wake kuliko wazee wanavyojipenda wenyewe. Mapenzi hayo yalianza siku mzee mmoja alipoteleza sokoni mbele ya gari la mkubwa, na gari likachelewa dakika kumi na moja. Kabla wiki haijaisha ilikuwa imeundwa Wizara ya Wazee na Vitu Vinavyovunjika, na Bunge limepitisha Sheria ya Kutoanguka. Kwa sheria hiyo mzee haruhusiwi kuanguka. Akianguka kwa ukaidi wake, mkuu wa makao anaandika barua kueleza kwa nini alimruhusu.

Tangu hapo sisi wa Makao ya Faraja Namba Nne tumekuwa salama mno. Visu vilichukuliwa. Chumvi ilichukuliwa. Ngazi za kwenda ghorofani zilibomolewa ili tusianguke, na nguo zetu za sikukuu zikabaki huko juu. Tukitaka kuzitazama tunatoka uani, tunaziona dirishani. Mzee Ngwali, aliyekuwa kinyozi miaka arobaini na mbili, alinyang'anywa wembe wake, na sasa ndevu zake zimefika kifuani. Anasema akizifunga vizuri atapata mto.

Ukutani kuna kanuni sitini na nne. Nitawatajia mbili tu, mzishike. Kanuni ya thelathini na moja inasema mzee aliyeketi chini hanyanyuliwi na mtu yeyote ila Mnyanyuaji Aliyesajiliwa. Mnyanyuaji ni mmoja mkoa mzima, huja Jumanne. Kanuni ya thelathini na mbili inasema mzee aliyeketi chini asijinyanyue mwenyewe. Ndiyo maana Mzee Ngwali alipoketi kwenye sakafu ya baraza siku ya Jumatano kuokota kofia yake, alikaa pale mpaka Jumanne. Tulimpelekea chakula. Alinenepa.

Kisha wakaja wageni wenye miwani, wakamwambia Waziri wetu kwamba siku hizi huko duniani wazee huulizwa.

"Huulizwa nini?" akasema Waziri.

"Wanachotaka."

Alishangaa sana, lakini ni mtu wa kujifunza. Akaanzisha Idara ya Chaguo. Toka siku hiyo kila asubuhi hupita Afisa Chaguo na daftari, anaanzia kwangu.

"Bibi Mashavu, leo umechagua nini?"

"Chai ya tangawizi."

"Kati ya uji na uji?"

"Chai, baba."

Anaandika uji. Hana ubaya kijana wa watu. Alinionyesha daftari siku moja, safu mbili tu, zote zimepigwa mhuri wa Uji. "Nikiandika chai, Bibi, nitaiandika wapi?" Nilitazama, kweli hapakuwa na mahali. Nikanywa uji.

* * *

Sasa jambo lenyewe.

Mjukuu wangu Mbaraka alikuja siku ya wageni, akakaa ng'ambo ya meza kama kanuni inavyotaka, anachezea funguo zake. Nimemlea huyo tangu ana miezi minane, mama yake alipotutoka. Nikajua ana neno.

"Mume wangu," nikamwambia, "mbona leo unaniangalia kama una mwanamke mwingine?"

"Ninaye, Bibi."

"Mzuri kunishinda?"

"Ana meno yote."

"Meno yanang'oka. Jina lake?"

"Tausi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa kumi, wanamleta nyumbani."

Hapo sote wawili tukaufikiria mlango.

Kwetu bibi ni mke wa mjukuu. Utani, lakini ni utani wenye kazi. Bibi harusi akiletwa, anamkuta bibi mzaa baba au mzaa mama ameketi kizingitini, miguu kainyoosha, mlango kauziba. Anambishia hodi. Bibi anamuuliza anayotaka kumuuliza, anamtukana kidogo, anamwambia huyu ni mume wangu na wewe ni mwizi, na yule binti anajibu. Akijibu vizuri bibi anapewa kanga, anasogea, mlango unafunguka. Asipozuiwa na mtu, ataingia tu kama anayeingia dukani kununua kiberiti, na siku wakigombana ataambiwa, wewe uliulizwa na nani ulipokuja? Mimi niliulizwa. Bibi yake marehemu mume wangu alinikalisha juani mpaka nikalia, na alipofariki nilimlilia kuliko walivyomlilia wanawe.

Bibi mwingine Mbaraka hana. Ni mimi tu.

"Wakikukatalia," akasema, "nitatandika kanga yako pale kizingitini. Tausi ataibishia hodi."

"Na kanga itamjibu nini?"

Kengele ya wageni ikalia.

* * *

Nikajaza fomu. Jina lake ni Fomu ya Ombi la Kutaka Kitu, kurasa kumi na moja. Swali la kwanza: Mara ya mwisho ulitaka kitu lini? Swali la pili: Kutaka huko kuliisha kwenyewe au ulitibiwa?

Mkuu wa makao yetu, Bwana Magohe, ni mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Bibi yetu," akasema, "ombi lako limenigusa. Nitaliundia kamati."

Kamati ya Hatari ilikaa mara tano. Mimi sikualikwa, kwa kuwa kusikia habari zangu kungeweza kunisumbua. Lakini Siwema, mhudumu wa zamu yetu, ndiye aliyekuwa akiwapelekea vitafunio, na alisikia. Waliorodhesha hatari za harusi. Jua. Upepo. Mbuzi. Vigelegele, maana vinapandisha presha. Pilau. Mtu mmoja akasimama akasema, waheshimiwa, tumesahau furaha ya ghafla. Wakaiweka ya kwanza.

Siku kumi kabla ya harusi Bwana Magohe akaniita ukumbi wa chakula. Wazee wote walikuwa wamepangwa kwenye viti. Katikati ya ukumbi palisimama mlango, peke yake, bila nyumba. Fremu ilikuwa ya sponji la godoro, imeshonewa kitambaa cha buluu. Kizingiti sponji. Kitasa sponji.

"Serikali yako sikivu," akasema Bwana Magohe, "imeona haina haja ya kumpeleka mzee kwenye hatari, wakati inaweza kumletea mzee mlango. Huu unaitwa Mlango Mbadala. Wewe utauzuia hapa, kwa usalama, na harusi itaendelea kule. Karibu uujaribu."

"Na bibi harusi?"

"Kwa leo nitakaimu mimi."

Basi nikawekwa kwenye kiti, mbele ya mlango, na Bwana Magohe akaja mwendo wa madaha, kalamu zake nne kifuani. "Hodi, Bibi." Wenzangu walitazama sakafu. Nilimwangalia yule mtu mzima na nikatafuta la kumwambia, utani wa miaka yote, nikakuta mdomo mkavu. Nikasogeza miguu akapita. Wakapiga makofi, akasaini daftari la mahudhurio, mimi nikasaini chini yake.

Mzee Ngwali akaniinamia, ndevu zikanigusa bega. "Bi Mashavu, sasa umeshaolewa na godoro. Nikupe pole au hongera?"

Nilitaka kucheka. Nikaona machozi yanakuja, nikaondoka.

* * *

Siwema alinifuata chumba cha kufulia. Ni mwanamke wa makamo, mikono mikubwa, hasemi sana. Akageuza ndoo mbili, akakaa moja, nikakaa nyingine. Akachana boksi la sabuni, akatoa penseli.

"Bibi, unataka nini hasa? Harusi yote?"

"Pilau nimekula sana. Nataka mlango. Nikae, anibishie, nimuulize, nisogee. Basi."

"Unaogopa nini?"

Miaka mitatu kamati zinanijadili, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Ikabidi nifikiri.

"Naogopa kuanguka," nikasema. Ni kweli. Niliwahi kuanguka bafuni, nyonga ikapata ufa, nililala miezi minne. Mguu wa kushoto mpaka leo una mambo yake. "Na sukari. Ikishuka naona giza. Na jambo moja zaidi, mwanangu. Kukaa chini kwenye mkeka nitakaa. Kunyanyuka ndiyo sijui. Nisije nikanyanyuliwa kama gunia mbele ya ukoo wa watu."

Akaandika yote, na mabaya yake. Hakuniambia usijali, ingawa ndilo jina la nchi. Akasema, "Haya. Sukari tutabeba vipande mfukoni na utakula saa tisa. Jua, kizingitini alasiri kuna kivuli cha paa, Mbaraka kanithibitishia. Nyonga, tutafanya mazoezi. Na tukianguka?"

"Tutakuwa tumeanguka."

"Hapana, Bibi, sema vizuri. Tukianguka tunafanyaje?"

Tukaandika na hilo: wasinivute mikono, nitulie kwanza, nigeuke ubavu, nipige goti, nishike kitu kisichosogea. Mimi nikaamua nitashika fimbo tu, mkono wake niutumie nikiutaka mwenyewe. Akaandika, mkono ukitakiwa.

Kila siku Bwana Magohe akienda semina, tulikuwa chumba cha kufulia. Mzee Ngwali alikuwa bibi harusi, kajitanda shuka, ndevu zimechomoza.

"Hodi, mke mwenzangu," anasema kwa sauti nyembamba.

"Mke mwenzangu ana ndevu?"

"Nilizipata nikikungoja usogee."

Nakaa. Najigeuza ubavu. Goti. Fimbo. Siku ya kwanza sikuweza. Ya pili nilifika nusu. Ya tatu nilianguka kweli, nikaenda chali juu ya mablanketi tuliyotandika, na sote watatu tukatulia kimya kwa hofu tukisikiliza mwili wangu unasemaje. Haukusema kitu. Nikageuka ubavu, goti, fimbo, nikasimama. Miguu ilitetemeka hivi, kama ya ndama. Mzee Ngwali alivua shuka akakaa kwenye ndoo, uso kaugeuzia ukutani.

Siwema aliupeleka mpango ule kwa Bwana Magohe, juu ya boksi lake la sabuni. Aliusoma mara mbili. Nafikiri aliupenda, maana alitoa kalamu. Kisha akairudisha mfukoni.

"Haumo kwenye fomu," akasema. "Na Jumamosi hiyo haiwezekani kabisa. Mheshimiwa Waziri anakuja kuzindua Wiki ya Chaguo. Siku ya mgeni rasmi hakuna kutoka."

* * *

Jumamosi tuliamshwa mapema, tukavalishwa fulana nyeupe zimeandikwa kifuani NIMECHAGUA. Hatukuulizwa saizi. Geti likafungwa kwa kufuli, lifunguliwe kwa gari la mgeni tu, kuingia na kutoka. Makao yale geti ni moja na ukuta ni mrefu.

Mgeni rasmi alitazamiwa saa tatu. Saa nne tukaimba wimbo wa kumkaribisha, kwa mazoezi. Saa sita tukauimba tena. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Kutoka pale mpaka kwa Mbaraka ni nusu saa kwa bajaji. Saa saba. Saa saba na nusu. Siwema alisimama nyuma ya kiti changu, boksi la sabuni kalikunja ndani ya mkoba. Nilisikia anavyopumua.

Alifika saa nane na robo. Akasimama mbele yetu, nyuma yake mlango wa sponji umepambwa maua ya karatasi.

"Itifaki imezingatiwa," akasema. "Ndugu wazee. Zamani mlikuwa mnaamuliwa. Leo mnachagua. Na niseme bila kumung'unya maneno: tumewachagulia mchague."

Makofi. Ikasomwa risala ya wazee, ambayo ilikuwa imetumwa na Wizara siku mbili kabla, na ndani yake tulikuwa tumemshukuru mara kumi na nne. Saa tisa Siwema akanipa kipande cha sukari. Saa tisa na dakika tano Waziri akashuka kati yetu kupigwa picha, na miguu ikamleta kwangu.

"Na wewe, mama, umechagua nini?"

"Nimechagua kwenda harusini kwa mjukuu wangu, saa hii."

Watu wakacheka. Naye akacheka, akanipigapiga bega. "Atakwenda," akawaambia wapiga picha, "ila kwa kufuata utaratibu."

Katika nchi ya Usijali maneno hayo hata mtoto mdogo anajua maana yake. Yeye akaenda kula. Saa tisa na dakika ishirini akasimama, akafuta mdomo. Alitakiwa saa kumi kamili kuzindua bomba mahali fulani. Wakakimbia kufungua geti.

Nikachukua fimbo yangu. Siwema alinitazama, nikamwambia, "Mkono sijautaka bado." Nikatembea. Hakuna aliyenizuia, maana kutembea polepole kwa mzee kunafanana na kutokwenda popote. Gari liliponguruma mimi nilikuwa nimefika kwenye reli ya geti. Nikavua mtandio, nikautandika kizingitini, nikakaa. Nikanyoosha miguu yote miwili, nikazipanga nguo.

Gari likasimama hatua mbili kutoka magotini mwangu.

* * *

"Mnyanyueni," akasema Waziri dirishani.

Bwana Magohe alikuwa amelowa jasho. "Mheshimiwa, Kanuni ya thelathini na moja. Sahihi ni yako."

"Mnyanyuaji yuko wapi?"

"Semina ya kunyanyua."

"Mpaka lini?"

"Jumanne."

Honi ikalia mara moja. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, akaondoa mkono kwenye honi kama imemuunguza. Akamgeukia bosi wake.

"Mheshimiwa, huyo bibi kazuia mlango. Hata kwetu ipo. Hapigiwi honi huyo. Unashuka, unachutama, unabisha hodi. Ukimruka, laana."

Waziri akaangalia saa. Akaangalia ukuta. Akaangalia wapiga picha. Mlango wa gari ukafunguka, akaja, akachutama mbele yangu na suruali ikambana.

"Hodi, Bibi."

Mdomo, safari hii, haukuwa mkavu.

"Hodi ya nani?"

"Ya Waziri."

"Hapa hapapiti cheo, panapita mtu. Jina lako?"

Ilibidi alitafute. "Mshamu."

"Mshamu mwana wa nani?"

"Wa Bi Hidaya."

"Yu hai?"

"Yu hai. Yuko kwangu."

"Asubuhi anakunywa nini?"

Akafungua mdomo. Nilimwona anaitafuta asubuhi ya nyumbani kwake, anatafuta kikombe.

"Sijui," akasema, sauti ya chini sana. "Wanampa uji."

"Hajaulizwa."

"Pengine hajaulizwa."

"Haya. Wewe unataka kupita, na mimi nataka kupita. Wewe huhitaji ruhusa, mimi nahitaji. Tuanzie hapo."

Siwema alikwisha kulitoa boksi la sabuni. Waziri akalisoma palepale amechutama, toka sukari mpaka tukianguka. Akasoma mkono ukitakiwa, akarudia. Akaomba kalamu, Bwana Magohe akampa zote nne. Akasaini juu ya picha ya povu.

"Sasa sogea, Bibi."

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Niligeuka ubavu. Nikapiga goti. Nikasimika fimbo kwenye reli. Mguu wa kushoto ukaanza mambo yake, ukacheza, nikaona ardhi inakuja halafu inarudi. Bwana Magohe alifumba macho. Siwema alikuwa ameunyoosha mkono wake, uko hewani tu, unangoja. Sikuutaka. Nikavuta pumzi, nikasimama.

Nikavunja Kanuni ya thelathini na mbili mbele ya aliyeitunga. Kutoka barazani nikasikia sauti ya Mzee Ngwali, nyembamba, "Hodi, mke mwenzangu," na wazee wakaangua kicheko ambacho sikuwahi kukisikia pale.

* * *

Bajaji iliruka mashimo. Saa kumi na dakika ishirini na tano tukaingia mtaani, na ngoma hazikuwa zikilia. Nikajua nimechelewa. Nikamwambia Siwema, "Ameshaingia." Alinishika kiwiko.

Watu walikuwa wamejaa uani, kimya. Kizingitini ilikuwa imetandikwa kanga yangu ya zamani. Mbele yake, juani, alisimama binti mrefu ndani ya buibui la harusi, jasho linamtiririka, na shangazi zake wanamnong'oneza.

"Pita, mwanangu, watu wanachoka."

"Nimebisha hodi," alikuwa akisema yule binti. "Sijajibiwa. Siwezi kupita sijajibiwa."

Karibu nusu saa alikuwa amesimama vile.

Nilitaka kukimbia. Huo ndio ujinga wangu. Kwenye ngazi ya baraza, jiwe moja tu, mguu wa kushoto ukakwama, nikaenda chini. Wanawake wakashika vichwa. Mbaraka akaruka, na Siwema akamwambia, "Mwache. Usimvute." Nikatulia. Nikajisikiliza. Nyonga ilikuwa kimya; goti linachoma. Nikatoa mkono, nikasema, "Sasa nautaka." Akanipa. Nikajivuta hatua mbili zilizobaki, nikaketi juu ya kanga yangu, damu kidogo inatoka gotini, nikanyoosha miguu, nikauziba mlango.

"Nani huyo anasimama juani kama mlingoti?"

"Hodi, Bibi."

"Una fomu?"

Mbaraka akaangua kicheko, na Tausi akacheka bila kujua kwa nini, na hapo nikamwona meno. Yote anayo kweli.

"Mwizi wee. Umekuja kuchukua mume wangu."

"Nimekuja tumgawane. Wewe umemlea, mimi nitamvumilia."

Wanawake wakapiga vigelegele, vile vya kupandisha presha. Mimi nikainua mkono, wakanyamaza. Nilikuwa na swali langu, nililibeba tangu getini.

"Siku moja nitakuja kukaa kwako. Asubuhi utanipa nini?"

Shangazi mmoja akamnong'oneza, uji, mwambie uji, wazee wanataka uji. Tausi hakumtazama.

"Nitakuuliza, Bibi."

"Nikisema chai, hali naumwa sukari?"

"Nitakukumbusha sukari yako. Halafu nitakupa utakachosema. Na nitakaa hapo unywe."

Nikatazama uso wake. Hakuwa akinifurahisha. Nikapokea kanga mpya, nikageuka ubavu, goti moja zima na moja bovu, fimbo, nikasimama. Mlango ukafunguka.

* * *

Nilirudi Makao jioni ile, nimefungwa kitambaa gotini, ladha ya pilau mdomoni. Bwana Magohe aliandika barua ya kurasa sita kueleza kwa nini aliniruhusu kuanguka. Siwema aliitwa, akahojiwa, akaulizwa amepata wapi wazo la kumuuliza mzee. Akasema alimuuliza mzee. Wakaliandika hilo kama jibu lisilojitosheleza, na hawakumfukuza, kwa sababu boksi la sabuni lina sahihi na hakuna anayejua jinsi ya kulifuta.

Wizara haikulala. Mwezi uliofuata ilitangazwa Siku ya Taifa ya Kuzuia Mlango. Kila mzee wa Usijali ataketi mbele ya mlango wa sponji, saa tatu hadi saa nne, kwa zamu, mahudhurio lazima. Waliniomba niwe mzee wa mfano. Nikasema hapana. Bwana Magohe akaduwaa, akapekua makabati yote matatu, akarudi mikono mitupu. Fomu ya hapana hawana. Imepelekwa kwa mpiga chapa.

Na daftari la Afisa Chaguo nalo limeletwa jipya, amri ilitoka juu kabisa. Lina safu tatu. Ya kwanza Uji, ya pili Uji, na ya tatu imeandikwa Mengineyo. Kijana alinionyesha kwa furaha, kidole kwenye safu.

Kidonda cha gotini kimekauka. Fomu yao ya hapana haijarudi toka kwa mpiga chapa. Nami nikiwa naingoja, asubuhi nakaa barazani na Mzee Ngwali, tunakunywa Mengineyo, ina tangawizi.